Régis Jeannerod Anaondoka, Maji Bado Yanatembea

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, Bwana Régis Jeannerod, mpima mito na chemchemi wa ofisi yetu ya maji hapa Pont-Rosset, anatimiza miaka thelathini na sita na miezi tisa kazini, naye anastaafu. Aliingia tarehe mosi Oktoba 1986 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, amevaa buti za kuazima. Anatoka na buti zake mwenyewe, jozi ya kumi na tisa kwa hesabu ya mkewe Annick, na hakuna jozi aliyoitupa kabla haijatoboka.

Wenzangu wameniomba mimi wa kantini niandike, kwa sababu nimemlisha miaka ishirini na sita na wanasema mtu hujulikana mezani. Mkurugenzi wetu, Bi Clotilde Pagnier, alitaka kurasa mbili za furaha zimfikie mchapishaji Jumatano. Sikuzifikisha. Kurasa mlizoshika zimetoka kwenye mashine yetu ya kunakili asubuhi hii, wino unaacha alama kidoleni, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini. Mnisamehe.

Bwana Régis si mtu wa kukaa. Kwenye kiti chake cha dirishani huinuka mara mbili kabla ya jibini kuletwa, aangalie kipimo cha mvua uani. Ametumbukia mtoni mara nne, na mara zote nne daftari lilifika ukingoni kabla yake. Siku ya harusi ya mpwa wake theluji iliyeyuka ghafla, akaondoka kati ya nyama na keki kwenda kusoma ubao wa vipimo chini ya daraja, akarudi suruali imelowa mpaka mapajani. Annick alimwambia mbele ya wageni, "Ningejua, ningeolewa na bata." Akajibu, "Bata angekuwa amerudi mapema." Wakacheza dansi hivyohivyo, huku akichuruzika.

Kila mwezi wa Mei watoto wa shule waliletwa kwake darajani. Alitandaza blanketi juu ya meza, akaweka viganja pande mbili, akalisukuma mpaka likafanya makunyanzi. Makunyanzi ni milima yetu, aliwaambia, na katikati ni mabonde yetu, yote yamelala upande mmoja kama mistari ya daftari. Ndiyo maana mto wetu, Orbière, unakwenda kilomita ishirini moja kwa moja bila kupinda.

Mwaka mmoja msichana mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka alimbana. "Mbona mto wa kwa shangazi yangu kule Morvan una matawi kama mti?"

"Kwa sababu kule jiwe ni la aina moja, gumu kila upande. Maji hayana pa kupendelea, yanatawanyika yatakavyo. Huku mawe yamepangwa, laini, gumu, laini, gumu. Mto wa huku ni kama mtu aliye kwenye korido. Anakwenda mbele hadi apate mlango."

"Na mlango uko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Kweli, hapa Pont-Rosset ndipo Orbière inapogeuka kama kiwiko na kupenya katikati ya Mont Rosset. Mtoto akauliza ni nani aliyeukata mlima. Bwana Régis akasema mlima ulipasuka wenyewe kwanza, zamani sana, na mto ukaukuta ufa, ukapita humo ukiupanua kidogo kidogo. "Kwa hiyo mto ni mvivu," mtoto akasema. "Mvivu kuliko wewe siku ya Jumatatu," akajibiwa, na darasa zima likacheka.

Mimi sikufundishwa kwa blanketi. Nilifundishwa kwa chapati za maji. Nilikuwa nimezipanga kumi na mbili kwenye sahani, moja juu ya nyingine, kila moja na jamu yake. Akachukua kijiko, akakiingiza chini ya sahani ili iinamie upande mmoja, akatoboa shimo juu kwa uma na kumimina maziwa yangu mazuri ndani. "Yatatokea wapi, Bi Yvette?" Nikamwonyesha upande wa karibu, kwa sababu chapati ya juu ilikuwa imebonyea huko. Maziwa yakatokea upande wa pili, kwenye kitambaa cha meza. Maji yakishaingia chini, alisema, hayaangalii tena sura ya juu, yanafuata mwinamo wa matabaka. Kitambaa nilifua mimi.

Katika wasifu wa namna hii makosa hayaandikwi. Lakini Jumanne wiki iliyopita alikuja jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bi Yvette, utaandika la mwaka tisini na tano?"

"Siandiki. Ni sherehe."

"Usipoandika, sitakuja kwenye sherehe."

Namjua. Basi naandika.

Mwaka 1995 kiwanda kidogo cha jibini huko Combenoire kiliomba ruhusa ya kumwaga maji ya kuoshea mitungi pamoja na mabaki ya maziwa kwenye shimo lililokuwa nyuma yake, moja ya yale mashimo yetu yanayomeza maji bila kurudisha hata cheuo. Bwana Régis alitazama ramani. Kijito cha Combenoire kinateremka mashariki mpaka Orbière, na njiani hakuna bomba la mtu. Akatia saini. Hakuuliza mawe yameinamia wapi. Yalikuwa yameinama magharibi, chini ya mlima mzima, na siku tatu baadaye uchafu ule ulitokea upande wa pili, kwenye chemchemi ya Vaubrun, kijiji ambacho hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kina undugu wowote na Combenoire. Watoto kumi na mmoja waliugua. Binti yangu Solène, miaka minne, alilazwa siku sita na mirija mkononi.

Barua kutoka ofisini ilisema chanzo kinachunguzwa. Yeye hakungoja barua. Alipita nyumba kwa nyumba. Alipobisha kwangu nilikuwa nimerudi kuchukua nguo safi za mtoto.

"Mimi ndiye niliyetia saini," akasema kabla ya salamu.

Nikamwambia, "Ingia. Lakini usikae."

Akaingia, hakukaa. Kisha akatoa daftari na kuniuliza maji yalianza kunuka saa ngapi. Nilimpandishia sauti majirani wakatoka nje. Mwanangu yuko hospitali, naye anauliza saa? Akaningoja nimalize. Akasema, "Saa hiyo itaniambia maji yamepita wapi, mama. Bila hiyo nitakosea tena kwa mtoto wa mtu mwingine." Nikampa saa. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, nilikuwa nachemsha viazi.

Miaka miwili baadaye kantini ilipohitaji mpishi, ni yeye aliyeniletea tangazo mlangoni. Sikuja kwa sababu nilikuwa nimemsamehe. Nilikuja nimchunge. Kusamehe kulikuja kwenyewe, siwezi kusema mwaka gani.

Tangu wakati huo ametia rangi kwenye mashimo sitini na moja ya milima yetu. Kazi hiyo mnaijua: rangi ya unga ya kijani isiyodhuru inamwagwa shimoni, vifuko vya mkaa vinatundikwa kwenye chemchemi, na mkaa ukinasa rangi unajua maji yalikotoka. Ramani yake iliyoko ukumbini ina mistari inayokatiza milima kana kwamba milima haipo. Vijiji vitatu vimehamisha mabomba yao kwa sababu yake. Alikaripiwa na mameya, alifukuzwa na mbwa, na mzee mmoja alimwita mchawi wa kijani mpaka alipokufa. Hakuacha.

Shimo la sitini na mbili ndilo lililonikosesha usingizi mwezi huu.

Fabien Gaiffe, mfugaji kijana wa huko juu, aliomba kujenga zizi la ng'ombe mia na themanini kwenye uwanda wa Combenoire, mita mia moja hivi kutoka shimo jingine. Fabien si mtu mbaya. Ng'ombe wa baba yake wanalala kwenye zizi linalovuja, na mkewe anakamua huku amevaa koti la mvua. Samadi ya ng'ombe mia na themanini ni kitu kingine. Bwana Régis alisema itatokea Vaubrun, kama zamani. Na Vaubrun ndiko Solène alikoolewa, umbali wa nyumba tatu kutoka nilipomlea, na ana mtoto wa miezi saba anayekunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya bomba lilelile. Sasa mnaelewa hali yangu.

Sheria ilikuwa hivi: rangi ikionekana kwenye maji ya kunywa, zizi halijengwi pale. Isipoonekana kufikia tarehe 30 Juni, ruhusa inatoka. Na tarehe 30 Juni ndiyo siku yake ya mwisho kazini.

Rangi ilimwagwa Jumatatu tarehe 12. Fabien mwenyewe ndiye aliyeshika ndoo. "Mzee," akamwambia, "ukiikuta kwenye kahawa ya mama mkwe wangu, usinihesabie kama kosa." Vifuko vilitundikwa kwenye chemchemi kumi na nne. Vitano vilikuwa Vaubrun peke yake.

Siku tano, hakuna. Siku nane, hakuna. Mwaka tisini na tano maji yalichukua siku tatu. Bwana Régis alisema ni ukame, maji ni machache, yanatembea polepole. Siku ya kumi aliacha kula jibini. Siku ya kumi na mbili nilimkuta uani akizungumza na kipimo cha mvua. Kwenye foleni ya kantini watu walianza kunong'ona kwamba mzee amekuwa na Vaubrun kichwani kwa miaka ishirini na minane, kwamba anaitafuta Vaubrun hata kwenye supu. Bi Clotilde alimwambia kwa upole mbele yangu, "Régis, labda safari hii maji hayaendi popote. Labda ni salama tu."

"Maji hayaendi popote?" akamjibu. "Clotilde, hata wewe una mahali unakwenda."

Jioni nilimpigia Solène. Chemsha, nikamwambia. "Mama, nachemsha tangu nizaliwe," akasema. "Mtoto atafikiri maji huzaliwa na mvuke." Alicheka, lakini nilisikia kifuniko cha sufuria nyuma yake.

Jana Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, niliosha saladi kwenye beseni langu jeupe. Maji yalikuwa ya kijani. Nikasema ni saladi. Nikaitoa, nikamwaga, nikajaza tena maji matupu. Kijani, kama chupa uliyoinua juani. Nikafunga bomba. Nilianza kumfikiria mjukuu wangu, kisha nikakumbuka kwamba siko Vaubrun. Niko Pont-Rosset, ofisi ya maji, kantini.

Nilimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu mwaka tisini na tano. Alikuja mbio, na Bi Clotilde nyuma yake na kikombe cha kahawa. Bwana Régis akatazama beseni. Akafungua bomba, akalifunga, akalifungua.

"Ni sisi," akasema.

"Sisi nini?" Bi Clotilde akauliza.

"Wanaokunywa. Si Vaubrun. Ni sisi."

Bi Clotilde alitazama kikombe chake, kilikuwa nusu. "Ina madhara?"

"Rangi haina. Ingekuwa samadi, ungekuwa umeshakunywa kiasi hichohicho."

Akaketi kwenye gunia la viazi, na sijawahi kumwona ameketi asubuhi. Tulitundika vifuko kwenye chemchemi kumi na nne, na kwenye bomba la ofisi ya maji yenyewe hakuna aliyetundika. Visima vya mji viko kwenye kokoto pale mto unapoingia mlangoni mwa mlima, na sote tuliamini vinakunywa mto. Maji ya Combenoire yalianza safari vizuri, yakafuata mwinamo kuelekea Vaubrun kama alivyosema. Njiani yakakutana na ufa, uleule uliougeuza mto, unaoendelea ndani ya mlima, na yakageuka nao mpaka kwetu.

"Miaka thelathini nawafundisha watoto kwamba mto uliufuata ufa," akasema. "Sikujiuliza hata siku moja kama maji ya chini nayo yanaweza kuufuata."

Bomba lilikuwa bado linadondoka.

Fabien alifika saa tatu, ameitwa kwa simu, amejiandaa kugomba. Akaonyeshwa beseni. Akachovya kidole ndani. "Mzee, ningeunywesha mji mzima," akasema. Kisha hasira ikamrudia. "Na zizi langu je? Ng'ombe niwalaze kwenye ramani yako?"

Wakaondoka pamoja kwa gari la ofisi. Mita mia sita juu ya lile shimo kuna ukanda ambapo mawe ya chokaa yamefunikwa na udongo mzito, maji hayamezwi, yanasimama na kufanya matope. Ni pabaya kwa kila kitu isipokuwa zizi lenye sakafu na tangi. Fabien alilalamika kwamba ni mbali na barabara, kwamba mkewe atamuua, kwamba upepo wa pale unang'oa kofia pamoja na nywele. Bwana Régis alimwambia ajenge akiupa upepo kisogo. Walirudi saa nane, wote wawili wana matope, wakala soseji za moshi na viazi vilivyopoa, na Fabien akaomba achorewe barabara fupi zaidi.

Saa kumi na moja jioni Bwana Régis alitia saini ripoti yake ya mwisho. Pale pa kwanza, hapana. Pale pa pili, inawezekana, na masharti sita. Chini yake ameandika kwa mkono kwamba yeye mwenyewe alikadiria vibaya mahali maji yangetokea, na kwa nini. Bi Clotilde alimwambia sentensi hiyo si lazima. Ameiacha.

Nilifikiri angekwenda nyumbani. Alikwenda Vaubrun, nami nikaomba kupanda naye. Alibisha nyumba kwa nyumba, kama zamani, na kila mlangoni alisema: niliwaambia itakuja kwenu, nilikosea, imekuja kwetu. Wengine walimcheka. Mmoja alimpa chupa ya mvinyo wa manjano, akamwambia anywe hiyo, maji ya mjini si ya kuaminika.

Solène alifungua mlango na mtoto kiunoni.

"Kwa hiyo yetu ni salama, Bwana Régis?"

Nilimwangalia. Nilitaka aseme ndiyo. Mtu aliyebakiza siku moja ya kazi angeweza kusema ndiyo.

"Kwa zizi lile, ndiyo," akasema. "Kwa mashimo yaliyo juu ya Combenoire upande wa kaskazini, sijui. Sijamaliza."

Solène akampa mtoto amshike huku akienda kuzima jiko. Alimshika kama anavyoshika daftari, mbali na maji. Mtoto akamvuta masharubu. Sufuria ilikuwa inachemka.

Hii ndiyo sababu sina kurasa mbili za furaha. Nina mtu aliyekosea mara mbili katika miaka thelathini na sita, akasema yote mawili mlangoni kwa watu kabla hajaulizwa. Sikusoma sana, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, na sijui kama medali atakayovishwa leo inatolewa kwa jambo hilo. Ingefaa.

Bwana Régis, kwa niaba ya ofisi, ya madereva uliowachafulia viti kwa matope, ya Bi Clotilde ambaye tangu jana anakunywa maji ya chupa, na ya akina mama wa Vaubrun, asante. Asante kwa kutoketi. Tunakuombea siku ndefu na miguu mikavu, afya kwako na kwa Annick, na asubuhi ambazo mvua ikinyesha itakuwa mvua tu. Nafasi yako haijajazwa. Tunaambiwa tangazo litatoka Septemba. Nusu gunia la mkaa wa vifuko limebaki stoo, nimelihamishia jikoni kwangu.

Asubuhi hii maji ya kantini yameanza kuwa maangavu. Nimeyatazama mara tatu. Kesho nitayatazama tena, na wewe hutakuwapo.

Yvette Boillon, kantini